Mali, Jidhri na Idadi: Namna ya Kuutambua Mlinganyo wa Kipeo cha Pili

 

 Huku kwetu Nyalikungu, na takriban Usukumani kote, shamba hupimwa kwa miguu. Mtu akisema ekari anakusudia hatua 70 kwa hatua 70, yaani hatua za mraba 4,900. Wala kipimo hiki si cha kubezwa, maana ekari ya vitabuni ni yadi za mraba 4,840, na hatua ndefu ya mtu mzima haiko mbali na yadi.

Sasa tuchukulie mtu amefariki, ameacha binti mmoja na kaka yake mmoja wa baba na mama, na hana mrithi mwingine. Maziko yamegharimiwa, madeni yamelipwa, wasia hakuna. Kilichobaki ni shamba la ekari moja. Mwanafunzi aliyesoma milango ya mwanzo ya mirathi atajibu bila kusita: binti akiwa peke yake ana nusu, kwa nassi ya Suratun-Nisaa, aya ya 11, na kaka ni asaba, anachukua kilichobaki, nacho ni nusu. Jawabu ni sahihi. Lakini jawabu halilimwi. Kinacholimwa ni ardhi, na lazima mtu ashike kamba aende shambani.

Binti ana nyumba yake kwenye pembe ya shamba, akaomba fungu lake liwe mraba kuanzia pembe hiyo. Mpimaji akasema: nusu ya 70 ni 35. Akapima 35 kwa 35, akasimika vigingi, ikasomwa dua, watu wakatawanyika. Ndugu msomaji, zidisha mwenyewe: 35 mara 35 ni 1,225. Shamba zima ni 4,900. Binti huyu amepewa robo badala ya nusu, na nusu ya haki yake imekwenda kwa ami yake, mbele ya imamu na mashahidi, kwa jina la sharia. Wala hapana aliyekusudia dhulma.

Hapo hesabu ya mafungu imekwenda sawa, na kuzidisha hakukukosewa. Kilichoharibika ni kwamba mpimaji hakutambua swali alilonalo ni la jinsi gani. Lau binti angeomba ukanda mrefu ulioshika upande mzima wa shamba, upana wake tungeuita x, na swali lingekuwa 70x = 2,450. Upana ni 35, na mpimaji angepatia. Lakini kwa kuwa ameomba mraba, urefu ni x na upana vilevile ni x, basi swali ni x mara x = 2,450, yaani x² = 2,450. Tunatafuta namba ambayo ikizidishwa kwa nafsi yake inatoa 2,450, nayo ni kama 49 na nusu. Shamba ni lilelile na haki ni ileile, ila milinganyo ni ya jinsi mbili. Wa kwanza ni wa kipeo cha kwanza, wa pili ni wa kipeo cha pili. Kuijua tofauti hiyo kabla ya kushika kamba ndiko ninakotaka kukueleza hapa, kwa lugha waliyoitumia wanavyuoni wetu wa zamani, kwa sababu naiona kuwa nyepesi zaidi kwa mwanafunzi wa madrasa kuliko ile anayokutana nayo ghafla akiingia sekondari.

Majina matatu

Aliyeitunga lugha hiyo katika kitabu ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika Baytul-Hikma, zama za Khalifa al-Ma'mun (198–218 Hijria, sawa na 813–833). Kitabu chake kinaitwa al-Kitab al-mukhtasar fi hisab al-jabr wal-muqabala. Katika dibaji anataja kwamba Khalifa ndiye aliyemtia moyo aandike muhtasari wa yale ambayo watu wanayahitaji: mirathi, wasia, ugawanaji, kesi, biashara, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji. Hakuandika kwa ajili ya kuwafurahisha wanafalsafa. Sehemu kubwa ya kitabu, karibu nusu nzima, ni masuala ya wasia na mirathi.

Kwa al-Khwarizmi, hesabu zote za mlango huu zinazunguka kwenye vitu vitatu. Cha kwanza ni jidhri, yaani mzizi. Hiki ndicho kitu tusichokijua na tunachokitafuta, na mara nyingine hukiita shay'un, kitu tu. Leo tunakiandika x. Cha pili ni mali, nacho ni kile kinachopatikana jidhri inapozidishwa kwa nafsi yake, leo tunaandika x². Cha tatu ni idadi tupu, namba isiyofungamana na mali wala jidhri.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwani mali na idadi ni maneno yake ya kila siku. Namna ya kuyashika ni hii: jidhri ikiwa ni hatua za ubavu mmoja wa kiwanja cha mraba, mali ni kiwanja chenyewe. Jidhri ni urefu, mali ni eneo. Yule mpimaji alikuwa na nusu ya mali mkononi, akaifanya kuwa nusu ya jidhri.

Basi kanuni ya kwanza ni kwamba mlinganyo wa kipeo cha pili ni ule wenye mali ndani yake, na usiokuwa na kitu kilicho juu ya mali. Kukiwamo mali na jidhri na idadi, ni wa kipeo cha pili. Kukiwamo mali na idadi bila jidhri, ni wa kipeo cha pili. Kukiwamo mali na jidhri bila idadi, nao vilevile. Asichoruhusiwa mlinganyo huu kukikosa ni mali peke yake. Wanafunzi wengi hudhani kwamba lazima vipande vyote vitatu vionekane, wakiona x² = 2,450 wanasema hii siyo. Ndiyo yenyewe, tena ndiyo nyepesi kuliko zote.

Al-jabri na al-muqabala

Lakini mali inaweza kujificha, na inaweza pia kujionyesha nawe ukadanganyika. Kwa hiyo al-Khwarizmi hahukumu mlinganyo kabla hajaufanyia mambo mawili, yaliyo katika jina la kitabu chake.

Al-jabri asili yake katika Kiarabu ni kuunga mfupa uliovunjika. Mwanafunzi wa fiqhi analijua neno hili kutoka mlango wa twahara, pale anaposoma hukumu ya kupangusa juu ya jabira, yaani gango au bendeji iliyofungwa kwenye kiungo kilichovunjika. Katika hesabu, kipande kilichopunguzwa ni kama mfupa uliovunjika. Ukiwa na x² – 3x = 10, ile x² imepungukiwa na jidhri tatu. Unaiunga kwa kuirudishia hizo jidhri tatu, na kwa uadilifu unaongeza tatu hizohizo upande wa pili, inakuwa x² = 3x + 10. Hiyo ndiyo jabri.

Al-muqabala ni kukabilisha, na sisi tunasema mkabala. Vitu vya jinsi moja vikiwa pande zote mbili, vinakabilishwa, na kile kidogo kinatolewa pande zote. Ukiwa na 2x² + 7 = x² + 32, unatoa mali moja huku na huku, unatoa 7 huku na huku, inabaki x² = 25.

Kuna jambo la tatu, la kuifanya mali iwe moja tu. Zikiwa mali mbili, vyote vinagawanywa kwa mbili. Ikiwa ni nusu ya mali, vyote vinazidishwa kwa mbili. Kule kupunguza huitwa raddi. Mwanafunzi wa mirathi asichanganye: raddi ya faraidhi ni kuwarudishia warithi wenye mafungu kilichozidi, na raddi hii ya al-jabri ni kuzirudisha mali nyingi ziwe moja. Neno ni moja, milango ni miwili.

Ukishafanya jabri na muqabala, ndipo utazame na kuhukumu. Mfano wake ni kadhi, ambaye haamui mpaka asikie pande zote mbili, kama Mtume (S.A.W.) alivyomuusia Sayyidna Ali (R.A.) alipomtuma Yemen.

Aina sita

Kila kilichopungua kikishaungwa, hapabaki alama ya kutoa popote, na vile vitu vitatu vinaweza kukutana kwa namna sita tu. Tatu ni nyepesi: mali sawa na jidhri, mali sawa na idadi, na jidhri sawa na idadi. Mifano ya al-Khwarizmi mwenyewe ni mali sawa na jidhri tano, hapo jidhri ni 5 na mali ni 25. Mali sawa na 9, jidhri ni 3. Na jidhri sawa na 3, mali yake ni 9. Tatu nyingine ni za kuchanganyika: mali na jidhri kwa pamoja sawa na idadi, mali na idadi sawa na jidhri, jidhri na idadi sawa na mali. Mifano yake iliyokuwa mashuhuri mpaka leo ni x² + 10x = 39, kisha x² + 21 = 10x, kisha 3x + 4 = x².

Angalia kwamba katika hizo sita, ile ya tatu, jidhri sawa na idadi, haina mali. Hiyo kwa istilahi ya leo ni ya kipeo cha kwanza, na tano zilizobaki ndizo za kipeo cha pili. Mwalimu wa sekondari atakuambia kuna sura moja tu, ax² + bx + c = 0, ambapo a haiwi sifuri. Hakuna ugomvi baina yao. Wazee hawakukubali namba hasi isimame peke yake, ndiyo maana walihitaji nyumba kadhaa, na leo namba hasi imepewa kiti, nyumba zote zimekuwa moja. Hata sharti lile kwamba a isiwe sifuri ni maneno yetu yaleyale kwamba mali isikosekane. Yako hata hivyo mambo wazee waliyoyaacha: katika mali sawa na jidhri tano, leo tunahesabu pia kwamba x yaweza kuwa sifuri, lakini wao hawakushughulika na shamba lisilokuwepo.

Mali iliyojificha na mali ya bandia

Hapa ndipo penye mtihani. Nimewaona vijana wa darsa wanaosoma Kidato cha Pili wakiukariri mtindo wa ax² + bx + c = 0 vizuri kabisa, lakini wakipewa swali lililovaa nguo nyingine hawalitambui.

Chukua x(x + 5) = 84. Hakuna x² popote. Lakini x iliyo nje ya mabano inazidisha iliyo ndani, na jidhri mara jidhri ni mali. Fungua mabano: x² + 5x = 84. Ni aina ya nne, mali na jidhri sawa na idadi, na jidhri ni 7, kwa sababu 49 na 35 ni 84. Shambani swali hili huja kwa maneno: kiwanja ambacho urefu unazidi upana kwa hatua 5, na eneo lake ni 84. Kila usikiapo eneo, na vipimo vyote viwili havijulikani ila kimoja kimetajwa kwa kutegemea kingine, shuku mara moja kwamba mali imo.

Sasa chukua kinyume chake: (x + 2)² = x² + 20. Hapa kuna alama ya kipeo cha pili upande huu na upande huu, na mwanafunzi ataapa kwamba ni wa kipeo cha pili. Fungua: x² + 4x + 4 = x² + 20. Fanya muqabala, mali inakabiliana na mali, zote mbili zinaondoka. Inabaki 4x = 16, x ni 4. Mali ilikuwa ya bandia. Ndiyo sababu ya kutohukumu kabla ya muqabala.

Namna ya tatu ya kujificha ni kwenye kugawanya, na al-Khwarizmi analo swali zuri mno la jinsi hii. Dirhamu moja inagawanywa sawasawa kwa watu kadhaa. Akaongezeka mtu mmoja, ikagawanywa tena, kila mmoja akapata pungufu ya awali kwa sudusi, yaani moja ya sita ya dirhamu. Walikuwa wangapi? Kila msomaji wa faraidhi ataona swali hili ni la jamaa zake, maana mrithi aliyetokea baada ya mgawo si jambo geni. Ukiandika, fungu la kwanza ni 1 kugawanya kwa x, la pili ni 1 kugawanya kwa x + 1, na tofauti yao ni moja ya sita. Mali haionekani kabisa. Lakini zidisha vyote kwa x na kwa x + 1 ili kuondoa ugawanyaji, upande mmoja unabaki na moja tu, upande wa pili unapata x(x + 1) kugawanya kwa 6. Basi x² + x = 6. Mali imetokeza. Walikuwa wawili: nusu ukitoa theluthi ni sudusi.

Ama x³ + 10x² = 39x, hapo kuna kitu kilicho juu ya mali, ambacho Waarabu walikiita ka'bu, mchemraba. Huo kwa jina si wa kipeo cha pili. Lakini kwa kuwa kila kipande kina x, na ikiwa x si sifuri, gawanya vyote kwa x, unashuka kwenye x² + 10x = 39, uliokwisha kuujua. Ile ya mchemraba isiyoshuka ni bahari nyingine, na mtu wake ni Omar Khayyam (aliyefariki 1131), ambaye wengi wanamjua kwa mashairi tu.

Kwa nini 25?

Nilisema mraba ni shamba, na ni vizuri mwanafunzi aone kwamba kanuni ya kufumbua haikushuka kutoka hewani. Katika x² + 10x = 39, chora kwa chaki kiwanja cha mraba ambacho ubavu wake ni x. Hiyo ndiyo mali. Jidhri kumi zigawe mafungu mawili, tano na tano, kila fungu ni ukanda wenye urefu x na upana 5. Ubandike ukanda mmoja upande wa mashariki na mwingine upande wa kusini. Vyote pamoja ni 39. Utaona pembe ya kusini mashariki ina pengo, nalo ni mraba wa 5 kwa 5, yaani 25. Lizibe. Umepata mraba kamili wa 39 na 25, ndiyo 64, na ubavu wake ni 8. Toa 5, ubavu wa kile kiwanja cha asili ni 3. Hivyo ndivyo alivyothibitisha al-Khwarizmi, kwa michoro, bila herufi wala alama za siku hizi. Hata namba aliziandika kwa maneno. Kanuni ndefu yenye alama ya kipeuo cha pili ambayo vijana wanaikariri kwa ajili ya mtihani si kitu kingine ila pengo hilo la pembeni kuzibwa.

Tusivuke mpaka

Husikika mimbarini kwamba Waislamu ndio waliobuni hesabu hizi kutoka patupu. Mimi naona tusiseme hivyo. Watu wa Babil, katika ardhi ya Iraq hiyohiyo, waliandika masuala ya mali na jidhri juu ya vigae vya udongo yapata miaka 1800 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Brahmagupta wa India aliandika kanuni ya kuyafumbua mwaka 628, wakati Mtume (S.A.W.) yu Madina. Alichokifanya al-Khwarizmi ni kukusanya, kuainisha na kuthibitisha: kuonyesha kwamba aina ni sita na haziwi saba, na kwamba kila swali, hata likija na nguo gani, linarudi kwenye mojawapo. Yaani fadhila yake kubwa ni katika kutambua, zaidi kuliko katika kufumbua. Hilo linamtosha, na limewatosha walimwengu. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini na Robert wa Chester huko Segovia, Hispania, mwaka 1145, na neno lenyewe al-jabri likabaki katika lugha za Ulaya, likaturudia sisi kwa njia ya shule likiwa aljebra.

Vilevile tusidai kwamba mafungu ya mirathi yanahitaji kipeo cha pili. Nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi, pamoja na auli na raddi, vyote vinakwenda kwa kuzidisha na kugawanya. Hata yale masuala ya wasia ya al-Khwarizmi ni ya kipeo cha kwanza. Sheikh Ali bin Hemed al-Buhry wa Tanga, ambaye kitabu chake cha Mirathi kilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1923, hakuhitaji mali na jidhri ili kuwafundisha watu wetu. Kipeo cha pili kinaingia pale fungu linapotoka kwenye karatasi likaenda kuwa ardhi.

Hata hivyo wanavyuoni hawakuzitenga elimu hizi mbili. Imamu al-Ghazali katika Ihya ameihesabu hisabu kuwa ni faradhi ya kifaya, kwa sababu ya miamala na ugawaji wa wasia na mirathi. Na wanafunzi wetu waliosoma Rahabiyya kwa sherehe ya Sibt al-Maridini, je, wanajua kwamba bwana huyo, aliyekuwa mwenye kuangalia nyakati za sala katika msikiti wa Azhar, ameisherehesha pia Yasaminiyya, utenzi wa al-jabri wa Ibn al-Yasamin aliyefariki Marrakesh mwaka 601 Hijria (1204)? Kalamu iliyosherehesha mirathi ndiyo iliyosherehesha aina sita. Sisi tumechukua kitabu kimoja tukakiacha cha pili.

Njia ya mifugo

Nimalizie kwa suala moja la ardhi, kwa sababu lina jambo ambalo halikutokea juu. Warithi wa shamba la hatua 70 kwa 70 wamekubaliana kutoa hatua za mraba 276 ziwe njia ya wote ya kupitishia ng'ombe kwenda lamboni. Njia ipite kandokando ya pande mbili zinazokutana, ndani ya shamba, na upana wake uwe sawasawa. Upana ni hatua ngapi?

Mwenye haraka atasema: pande mbili za 70 ni 140, basi 140x = 276. Ameona jidhri na idadi tu, akauhukumu kuwa wa kipeo cha kwanza. Lakini pale pande mbili zinapokutana pana pembe, mraba wa x kwa x, na ameihesabu mara mbili. Lazima itolewe mara moja: 140x – x² = 276. Njia ikiwa nyembamba kosa ni dogo. Ikiwa ya hatua 10, pembe hiyo peke yake ni hatua za mraba 100, na hapo ndugu wanaweza kugombana.

Mali imepunguzwa, basi iungwe. Kwa jabri tunapata 140x = x² + 276, mali na idadi sawa na jidhri. Hii ni aina ya tano, ndugu ya x² + 21 = 10x. Kwa aina hii al-Khwarizmi anafundisha: chukua nusu ya jidhri, zidisha kwa nafsi yake, toa idadi, tafuta kipeuo cha pili cha kinachobaki, kisha ukitoe kwenye ile nusu au ukiongeze. Katika mfano wake nusu ni 5, mali yake 25, ukitoa 21 inabaki 4, kipeuo chake 2. Basi jidhri ni 3 au ni 7, na zote mbili ni kweli. Kwetu nusu ni 70, mali yake 4,900, ukitoa 276 inabaki 4,624, na kipeuo chake ni 68. Basi x ni 2 au ni 138.

Hesabu inazikubali zote mbili. Shamba halizikubali, kwa kuwa njia ya upana wa hatua 138 haiingii katika shamba la hatua 70. Njia ni hatua 2. Mwenye kugawa anayesimamia kanuni peke yake anaweza kuandika 138 akaisaini.

Na je, lau wangetaka njia ya hatua za mraba 5,000? Nusu ya jidhri ni ileile 70, mali yake ni 4,900, na kutoka 4,900 huwezi kutoa 5,000. Al-Khwarizmi anasema hivi katika aina hii ya tano, na hasemi kwenye nyingine: ikiwa mali ya ile nusu ni ndogo kuliko idadi, suala ni muhali, halina jawabu, na zikiwa sawa, jidhri ni ile nusu yenyewe, bila kuongeza wala kupunguza. Tazama shambani uone alichokusudia. Zikiwa sawa, yaani 4,900 kwa 4,900, upana wa njia ni 70, na shamba lote limekuwa njia. Zaidi ya hapo warithi wanaomba njia iliyo kubwa kuliko shamba waliloachiwa.